Mke wa Macbeth Kabebeshwa Mzigo wa Banquo

Tangu mwisho wa 2023 Macbeth, hii tamthilia ya Shakespeare ya jemadari wa Scotland anayemuua mfalme wake Duncan akiwa mgeni nyumbani kwake ili achukue kiti, imerudi kwa kishindo. David Tennant na Cush Jumbo waliicheza pale Donmar Warehouse, London, watazamaji wote wamevalishwa hedifoni ili wasikie mpaka mtu anavyovuta pumzi, mwaka uliofuata ikahamia ukumbi mkubwa zaidi, na 2025 ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Kipindi hichohicho Ralph Fiennes na Indira Varma wakaizungusha kwenye maghala makubwa badala ya kumbi za tamthilia, Liverpool, Edinburgh, London mpaka Washington. Sasa klipu zinapita mitandaoni, na kila ikipita ya Lady Macbeth, mke wake aliyemsukuma, nakuta ugomvi uleule kwenye komenti. Kundi moja linasema mnaona sasa, mwanaume alikuwa shujaa, anaheshimika, kaja mke mwenye tamaa kamharibu. Kundi la pili linasema huyo mama ndo alikuwa mwanaume wa ile nyumba, jasiri, anajua anachotaka, kosa lake ni kuzaliwa mwanamke kwenye zama mbaya. Na sisi Waswahili tumo humohumo, maana hii tamthilia siyo ngeni kwetu, S. S. Mushi aliitafsiri ikatoka kwa jina la Makbeth mwaka 1968, miaka ileile ya 60 ambayo Mwalimu Nyerere naye alikuwa anatuletea Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi.

Naandika kwa sababu naamini makundi yote mawili yamekosea, na yamekosea pahala pamoja. Wote wanachukulia kwamba swali la tamthilia ni huyu mwanamke tumhukumu vipi. Mi nasema swali lenyewe ni mizani gani inatumika kumpimia mwanaume kwenye ile nchi, kwa sababu mume na mke wote wanapima kwa mizani hiyohiyo moja, na ni mizani mbovu. Kwenye Scotland ya Shakespeare uanaume unapimwa kwa kuua. Macbeth anaijua hiyo mizani, mke wake anaijua, mfalme mwenyewe anaipigia makofi kabla hata hatujamwona Macbeth jukwaani. Tamaa wanayo wote wawili, hatia inawapata wote wawili, ila anayeachiwa jina baya ni mmoja, na hilo la kuachiwa jina baya lina historia yake.

Macbeth wa kweli alikuwepo. Alitawala Scotland toka 1040 mpaka 1057, miaka 17, ambayo kwa zama zile siyo kidogo. Duncan hakuchinjwa usingizini akiwa mgeni wa mtu, alikufa vitani huko kaskazini akipambana na upande wa Macbeth, na kwa utaratibu wa wakati ule ufalme haukuwa lazima ushuke toka kwa baba kwenda kwa mtoto, ndugu wa ukoo mwenye nguvu naye aliweza kudai haki yake. Mwaka 1050 Macbeth alienda kuhiji Roma na inasimuliwa kwamba aliwamwagia maskini pesa kama mtu anayepanda mbegu, na mtu anayeogopa kupinduliwa haiachi nchi yake akaenda safari ya namna hiyo. Stori ya mauaji ya ndani ya nyumba Shakespeare aliitoa kwenye kitabu cha historia cha Holinshed, na hata humo aliunganisha vipande viwili tofauti, akachukua kisa cha Donwald aliyemuua mfalme Duff kwa kusukumwa na mke wake, akakishonea juu ya kisa cha Macbeth. Mke wa Macbeth kwenye Holinshed anapata maneno machache tu, kwamba alimsukuma sana mumewe kwa sababu alikuwa anaungua na hamu ya kuitwa malkia. Hilo lipo na silifichi. Lakini Holinshed anasema na jambo lingine ambalo kwenye mabishano yetu halitajwi kabisa: Macbeth aliwashirikisha mpango wa kumuua Duncan marafiki zake wa kuaminika, na mkubwa wao alikuwa Banquo.

Banquo huyuhuyu ambaye jukwaani tunamjua kama mtu safi, rafiki mwaminifu anayeuawa bila kosa. Imekuwaje? Tamthilia iliandikwa karibu na 1606. Miaka mitatu nyuma yake James wa Scotland alikuwa amerithi kiti cha Uingereza, na huyo James alikuwa anahesabu ukoo wake unaanzia kwa Banquo. Novemba 1605 Guy Fawkes alikamatwa na baruti chini ya jengo la bunge, yeye na wenzake walitaka kumlipua James na wakubwa wote wa nchi. Kundi la waigizaji la Shakespeare lilikuwa chini ya ulinzi wa mfalme huyohuyo, linatembea kwa jina lake. Hebu jiulize ni nani angethubutu kumsimamisha babu wa mfalme jukwaani, mbele ya mfalme, akiwa mshiriki wa njama ya kuua mfalme, mwaka mmoja baada ya njama ya kweli? Kwa hiyo Banquo akasafishwa, ile nafasi ya mshirika wa njama ikabaki wazi, na aliyeingizwa kuijaza ni mke. Sisemi Shakespeare alikaa chini akapanga kumwonea mwanamke, sina namna ya kuingia kichwani kwake. Nasema hivi, sehemu ya mzigo ambao miaka mia nne tumekuwa tukisema ni wa asili ya mwanamke mwenye tamaa, kwenye chanzo chake ulikuwa wa mwanaume mwenye cheo, yeye akatuliwa, mke akabebeshwa, kwa sababu za kisiasa.

Na angalia mwanamke mwenyewe alivyopungua njiani. Mke wa Macbeth wa historia aliitwa Gruoch, mjukuu wa mfalme, damu yake ya kifalme ilikuwa mtaji mkubwa kwenye dai la mume wake. Kabla ya Macbeth alikuwa na mume mwingine aliyechomwa moto na watu wake mwaka 1032, akabaki na mtoto wa kiume, Lulach, ambaye baada ya Macbeth kuuawa alikalia kiti kwa muda mfupi mpaka naye akauawa 1058. Jina la Gruoch limebaki kwenye kumbukumbu ya ardhi ambayo yeye na Macbeth waliwapa watawa wa Loch Leven. Huyo ni mtu mwenye ukoo, mali, msiba, mtoto na saini. Ukija kwenye tamthilia jina hana, hakuna mtu hata mmoja anayemwita kwa jina lake toka mwanzo mpaka mwisho, ukoo hana, na mtoto anamtaja kwa sentensi moja, kwamba amewahi kunyonyesha na anajua utamu wa kumpenda mtoto anayenyonya, basi, mtoto yuko wapi hatuambiwi. Huyu asiye na jina ndo tunamtafutia kila ubaya wa wanawake.

Sasa tupime hoja zao kwa haki, maana kundi la kwanza lina jambo. Ukweli ni kwamba saa chache kabla ya mauaji Macbeth anaghairi. Anakaa peke yake anahesabu: Duncan ni ndugu yangu, ni mfalme wangu, ni mgeni wangu, mimi ndo napaswa kufunga mlango asiingie muuaji, siyo kushika kisu mwenyewe. Halafu anamwambia mke wake wazi kwamba hili jambo tusiende nalo mbele. Mke anamjia juu, na ndani ya dakika chache mume kabadilika, mpango umepangwa, walinzi watanyweshwa pombe, kesho watapakwa damu. Mtu akiniambia bila ile dakika Duncan angeamka asubuhi akanywa uji wake, siwezi kumwita mjinga. Mwanamke huyu ana mchango wa kweli kwenye kifo cha Duncan, alipanga, aliandaa visu, na mume alipotoka navyo mkononi kwa kuchanganyikiwa alivirudisha mwenyewe chumbani kwa maiti.

Ila ile hoja inasema zaidi ya hapo, inasema wazo lilitoka kwake, na hapo ndo inavunjika. Rudi nyuma, wachawi watatu waliokutana naye na Banquo njiani toka vitani wamemaliza tu kusema atakuwa mfalme, Macbeth bado yuko porini na wanajeshi wenzake, nyumbani hajafika, mke hajamwona, na tayari anasema kuna picha kichwani inamsimamisha nywele na kuufanya moyo ugonge mbavu. Wachawi hawakutaja kuua. Banquo alikuwa amesimama palepale, kasikia utabiri wake mwenyewe, kwamba watoto wake watakuwa wafalme, na nywele hazikumsimama. Onyesho linalofuata Duncan anamtangaza mwanae Malcolm kuwa mrithi, Macbeth anaziambia nyota zizime mwanga wake zisione tamaa zake nyeusi. Mke bado yuko nyumbani anasoma barua ya mumewe inayomweleza utabiri wa wachawi. Na wakija kugombana, mke anamuuliza, kumbe ni mnyama gani aliyekufanya uniletee mimi hili shauri? Yaani kwa maneno ya mke, aliyeleta shauri ni mume. Tamaa ilikuwa ya mume kabla haijawa ya wawili.

Halafu tuhesabu maiti. Duncan, hapo wako wote. Walinzi wawili, hao Macbeth kawaua peke yake asubuhi yake, nje ya mpango. Banquo, Macbeth katafuta wauaji mwenyewe, na mke alipouliza kuna nini akajibiwa usijue kitu mpenzi wangu, utakuja kushangilia likishafanyika. Mke wa Macduff, bwana wa Scotland aliyemkataa Macbeth, na watoto wake na watumishi wao, Macbeth tena peke yake, kwa hasira tu kwamba Macduff kakimbilia Uingereza. Yule aliyeitwa kwenye barua mshirika wangu wa ukuu, ikifika ile karamu ambayo mzimu wa Banquo umekalia kiti, wageni wameshatolewa, anamuuliza mumewe kuhusu Macduff kwa neno la heshima kama mtumishi anayemuuliza bosi, je ulimtumia mtu, bwana? Halafu anamwambia unahitaji usingizi. Baada ya hapo hatumwoni tena mpaka siku anatembea usingizini akijinawa damu isiyoonekana. Sasa mtu ambaye hakuambiwa, hakushauriwa, hayupo hata jukwaani, tunamfanyaje kuwa injini ya mauaji yote yale?

Kinachotakiwa kuangaliwa kwa makini zaidi ni yale maneno yaliyombadilisha Macbeth usiku ule, na hapa naona msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo Mwingereza hana. Kiingereza cha Shakespeare kina neno moja, man, linalobeba mtu na mwanaume kwa pamoja, kwa hiyo mume na mke wanaweza kulitumia neno hilohilo kila mmoja akiwa na maana yake na mzozo usionekane. Kiswahili hakikuruhusu, lazima uchague. Macbeth anasema nathubutu yote yanayompasa mtu, anayethubutu zaidi ya hapo siyo mtu tena. Mi ndo ninavyomsikia, anaongelea utu. Mke anamjibu ulipothubutu ndipo ulipokuwa mwanaume. Yeye anaongelea uanaume. Wameongea vitu viwili tofauti kwa neno moja, na Macbeth hakushtuka kwamba kabadilishiwa mada, akashindwa mjadala ambao angeushinda. Na mke alishasema mapema akisoma barua kwamba anaogopa tabia ya mume wake kwa sababu imejaa mno maziwa ya utu. Ameona utu ndo tatizo, uanaume ndo dawa. Na akijitazama mwenyewe anafanya hesabu ileile, anaziita pepo zimwondolee uanamke wake, zimjaze ukatili toka utosini mpaka kidole cha mguu, maziwa yake yawe nyongo. Haombi awe na nguvu, anaomba asihisi.

Hiyo hesabu kaitoa wapi? Hakuitunga. Fungua onyesho la pili tu la tamthilia, kuna askari anavuja damu anamsimulia mfalme jinsi Macbeth alivyompasua adui toka kitovuni mpaka kwenye taya halafu akasimika kichwa chake juu ya ngome. Duncan, mzee wa watu mpole, anajibu ewe ndugu shujaa, muungwana wa kweli. Siku hiyohiyo anamwongezea cheo. Nchi nzima inamfundisha huyu mtu kwamba kisu kinapandisha daraja, halafu mke wake akisema sentensi ileile chumbani tunaona sumu imetoka kwa mwanamke. Macbeth mwenyewe akija kuwashawishi wale waliokodiwa wamuue Banquo anatumia maneno ya mke wake karibu yaleyale, anawaambia kwenye orodha mnahesabika wanaume, kama vile kila aina ya mbwa inavyohesabika mbwa, nionyesheni basi nyie ni daraja gani. Na hata upande wa watu wema mwishoni, mzee Siward, jemadari wa Uingereza aliyekuja kumng'oa Macbeth, akiambiwa mwanae kafa vitani anauliza kitu kimoja tu, majeraha yako mbele au mgongoni? Akiambiwa mbele anaridhika, machozi hamna.

Niliwahi kuangalia wanafunzi wakiicheza hii kwa Kiswahili, kijana aliyemcheza Macbeth katoka chumbani kwa Duncan mikono inamtetemeka kikweli, anasema nimeshindwa kutamka amina. Nyuma ya ukumbi mtu akapiga kelele jikaze mwanaume, ukumbi wote ukaangua kicheko. Nimelifikiria hilo miaka mingi. Yule mtu hakujua kwamba kasema maneno ya Lady Macbeth, na sisi tuliocheka tukawa tumekaa upande wake bila kusukumwa na mwanamke yeyote.

Kundi la pili, wanaomtetea kwamba alikuwa jasiri tu aliyebanwa na zama zake, nawaelewa roho yao na nusu ya hoja yao naikubali. Ni kweli hana njia. Mume ana upanga, ana cheo, ana jeshi, tamaa yake ina pa kwenda, ya mke lazima ipitie kwa mume. Asubuhi ya mauaji Macduff anakataa kumwambia kilichotokea kwa sababu eti habari kama hiyo sikioni mwa mwanamke ingemuua, na anayeambiwa hivyo ndiye aliyeshika visu usiku ule. Inaumiza kuona mtu mwenye akili kiasi kile anawekwa pembeni kama chombo cha udongo. Lakini kutoka hapo mpaka kusema hana hatia, au kumfanya mfano wa kuigwa, siwezi kufika. Mzee aliyekuwa mgeni nyumbani kwake kachinjwa, na yeye alijua. Mwenyewe anakiri kwamba angemuua kwa mkono wake kama asingefanana na baba yake akiwa amelala. Sentensi hiyo naiheshimu sana, kwa sababu ni saa chache tu tangu aombe aondolewe hisia, na hisia imemsimamia mlangoni kwa sura ya baba yake. Ukimwondolea hatia unamwondolea na hiyo sura ya baba, unabaki na picha ya posta ya mwanamke mkali. Yeye mwenyewe hatia yake hajaikana, sisi tunamkania ya nini?

Na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo cha ajabu ndo inarudiwa sana mpaka madarasani, ni hii, kwamba hatia ilimvunja yeye na siyo mume kwa sababu mwanamke ni kiumbe dhaifu, alijidai mwanaume ikamshinda. Wanaosema hivi wasome tena ule usiku. Nani alitetemeka kwanza? Macbeth. Nani alisikia sauti inayosema hutalala tena, Macbeth ameua usingizi? Ni huyohuyo mwanaume, ndiye aliyesema bahari yote haitoshi kuosha mkono wake, bali mkono ndo utaigeuza bahari kuwa nyekundu. Na ndiye aliyemwona maiti kwenye kiti mbele ya wageni wa kitaifa. Mke siku zote hizo alikuwa anasema maji kidogo yatatusafisha. Hatia iliwapata wote, na mume ilimpata mapema na kwa kelele zaidi. Tofauti ni kwamba mume alikuwa na pa kuipeleka. Kila ikimsumbua anaua tena, anasema mwenyewe kwamba ameshaingia kwenye damu mbali mno kiasi kwamba kurudi kunachosha sawa na kuvuka. Ana wauaji wa kutuma, vita vya kupigana na wachawi wa kwenda kuwauliza. Mke kabaki ndani ya jumba na mishumaa. Yule mama anayemhudumia anamwambia daktari kwamba malkia kaamuru taa iwepo karibu yake muda wote. Mtu aliyeita usiku mzito uje ufunike kisu kisione jeraha, sasa hawezi kulala bila taa.

Hapo kwenye taa pana kitu. Mwaka 1785 Sarah Siddons alipoanza kumcheza huyu mama London, mazoea yalikuwa mwigizaji ashike mshumaa muda wote wa lile onyesho la kutembea usingizini. Yeye akaamua kuuweka chini. Meneja wa ukumbi, Sheridan, alimfuata kumzuia kwa sababu watu hawajazoea, akakataa, maana alisema mtu hawezi kunawa kwa mkono mmoja. Watu wakaona kwa mara ya kwanza mikono yote miwili inasuguana hewani. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba alipoagana na jukwaa mwaka 1812 watazamaji hawakuruhusu tamthilia iendelee baada ya onyesho hilo, ikaishia pale. Na Siddons aliandika kwamba huyu mwanamke hamwoni kuwa jitu, anamwona mwembamba, mlaini, wa kike kabisa. Nadhani alikuwa ameshaelewa kwamba ukimcheza kama dume lililovaa gauni unapoteza kila kitu.

Na yale maneno yake maarufu, kwamba marashi yote ya Uarabuni hayataunukisha vizuri huu mkono mdogo, kwa Mwingereza ni pambo la mbali la mashariki. Kwa mtu wa pwani yetu ni kitu cha ndani ya nyumba. Marashi ndo yanayomwagwa kwa mrashi kwenye maulidi na harusi, na maiti haiendi kaburini bila karafuu maiti na udi. Kwa hiyo nikisikia marashi yote yameshindwa nasikia kwamba harusi imeshindwa na msiba nao umeshindwa, hakuna shughuli ya binadamu inayoweza kumpokea tena huyu mtu. Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu, na hii nyumba iliyoua ili iweke ukoo kwenye kiti, ikiwa haina mtoto wa kumrithisha, haikupata mjukuu mwingine zaidi ya huyo.

Kama mtu anataka kujua tamthilia inasimama upande gani kuhusu uanaume, asimsikilize Macbeth wala mkewe, aende kwa Macduff akiletewa habari Uingereza kwamba mke na watoto wameuawa wote. Anarudia kuuliza, wote? Watoto wangu wazuri wote na mama yao? Malcolm, kijana anayejiandaa kuwa mfalme, anamwambia pambana nalo kiume. Anajibu nitafanya hivyo, lakini lazima pia nihisi kama mtu. Lile neno moja la Kiingereza lenye maana mbili limerudi, na safari hii limetamkwa na mtu anayekataa kutenganisha kuhisi na kuwa mwanaume. Macbeth alikuwa na jibu hilohilo mdomoni usiku ule, akalimeza. Kwangu huo ndo mgongo wa tamthilia, na klipu zake sijaona zikisambaa.

Ndo maana nachukia jinsi hili jina linavyorushwa kwenye siasa. Kwenye kampeni za Marekani za 1992 Hillary Clinton aliitwa Lady Macbeth wa Little Rock, na Australia Julia Gillard alipochukua uwaziri mkuu 2010 naye akapachikwa jina hilohilo. Hao hawajaua mtu. Mwanaume akimpindua mwenzake chamani hatumwiti Macbeth, tunasema kacheza siasa vizuri, kwa hiyo jina la mwanaume muuaji limebaki la tamthilia na la mwanamke limegeuka tusi. Waongozaji nao wana sehemu yao. Kwa muda mrefu karne ya 18 na ya 19 majukwaa ya London yalizoea kulikata lile onyesho la mke wa Macduff nyumbani na mwanae, kwamba linatisha au linarefusha. Ukilikata, Lady Macbeth anabaki mwanamke pekee mwenye nyumba na mume kwenye tamthilia nzima, kwa hiyo lazima awakilishe wanawake wote, na huyu mwingine ambaye mume wake kamkimbia, anayeambiwa akimbie anajibu sijamkosea mtu, halafu anakumbuka kwamba duniani kutenda ubaya mara nyingi ndo kunasifiwa, anapotea na maneno yake.

Na unampoteza na mtu mwingine. Kwenye ule usiku wa kunawa mikono, katikati ya Duncan na Banquo, mke wa Macbeth anaanza kusema kama wimbo wa watoto kwamba bwana wa Fife alikuwa na mke. Bwana wa Fife ni Macduff. Yale mauaji hakuambiwa, hakuyapanga, mume wake hajayataja mbele yake hata mara moja tukasikia. Lakini habari imemfikia, na kwenye jumba lote lile lenye askari na madaktari na watumishi hakuna mwingine aliyemkumbuka yule mama kwa sauti. Anauliza, yuko wapi sasa? Daktari na yule mhudumu wamesimama gizani wanasikia, na hakuna anayemjibu.